Figo Langu Analo, Kaburi Ananinyima

Admin, jina langu lifiche vizuri, maana nusu ya ukoo wetu wanasoma ukurasa huu.

Mimi ni mzee wa miaka sabini na mbili, mwalimu mstaafu. Nilizaliwa huku mlimani, nikapangiwa kazi Mtwara nikiwa kijana, nikaoa huko na mke wangu nikamzika huko. Sasa nimerudi na ninapanga chumba Rau. Kichagga changu kimekuwa cha kukokota. Nikiuliza bei ya ndizi Kiboriloni, akina mama hunijibu kwa Kiswahili, kama mgeni. Hayo nayavumilia. Nilichotaka ni kimoja tu: nizikwe kando ya mama, katika sehemu ya kihamba, shamba letu la ukoo, ambayo baba alinikatia mwenyewe na kuizungushia mimea ya isale iwe mpaka.

Anayekaa kihambani ni mdogo wangu. Zamani mafigo yake yalipokufa tulikwenda India wawili, nikampa moja langu. Tuliporudi sikulitaja tena, hadi Jumapili ile aliponialika kula kiburu, ndizi zetu za maharage.

Baada ya chakula binti yake aliweka filamu ya Kihindi, si zile za kucheza na kuimba. Seremala anawekewa moyo wa kijana aliyekufa. Mama wa marehemu anahamia kwake, anampikia vyakula alivyovipenda mwanawe, anamwita kwa jina la mwanawe, mpaka siku moja seremala anaitika. Ikaishia hapo.

“Sasa baba mkubwa, yule aliyeitika ni nani?” binti akaniuliza.

Nikamgusa mdogo wangu ubavuni, nikasema kwa utani kwamba hata hapa pana kipande changu. Wote wakacheka, isipokuwa yeye.

“Hilo limekunywa maji yangu miaka yote hii, kaka,” akasema taratibu. “Ni langu. Na hiki kihamba nimekilima mimi, ni changu. Kijana aliyekatiwa sehemu na baba alijua kuzibua mfereji na kukata majani ya ng'ombe. Huyo alifia Mtwara. Wewe ni mzee tu uliyekuja na jina lake.”

Wiki ile ile akang'oa isale za mpaka wangu na kupanda parachichi juu ya mahali nilipotaka kulala. Nilipouliza wazee wa ukoo, waliniambia nisivuruge amani.

Sasa figo lile limechoka. Wamempima binti yake, hafai. Wamempima mwanangu wa pekee, anafaa. Yule mzee asiye ndugu, ghafla mtoto wake amekuwa damu ya ukoo.

Jana binti yule alinijia, akasema shikamoo, akapiga magoti na kuniwekea jani la isale mezani. Kwetu isale ni mpaka, na pia ni msamaha. Ukiletewa hukatai, hata kama umeuliwa mtoto. Nikamwuliza limechumwa wapi, wakati mpaka ulikwisha kung'olewa.

Akainamisha kichwa. “Ni zile zako, baba mkubwa. Baba alizihamishia nyuma ya zizi.”

Nikamwuliza kama baba yake ametuma neno lolote kuhusu kaburi langu. Hakutuma.

Mwanangu amesema atafuata nitakaloamua: nikilishika jani, atatoa figo, nisipolishika, hatoi. Jani bado liko mezani, tunakula pembeni yake. Nikilishika, ninampeleka mwanangu akapasuliwe kwa ajili ya mtu aliyenizika nikiwa hai. Nisipolishika, mdogo wangu atakufa, atalazwa kando ya mama, na figo langu litazikwa kihambani bila mimi.

Kuna asubuhi naona hiyo ndiyo njia pekee iliyobaki ya kurudi nyumbani, na ninaogopa jinsi wazo hilo linavyonipendeza.

Ninyi mnaosoma, hasa mliokulia huku mlimani, niambieni: jani hili nilishike?