Bomba Lisilo Kwenye Mchoro

Babu Cheche alishastaafu. Kampuni ikamrudisha kwa sababu mafundi wa kubomoa mitambo ya mafuta baharini ni wa kutafuta kwa tochi, na huu wetu aliuchomelea yeye ujanani.

Asubuhi ile nilikuwa nimeshawasha moto wa gesi wa kukatia chuma. Babu akanidaka mkono.

"Zima!"

"Babu, mchoro unasema bomba ni tupu."

"Zima, we binti! Unabishana na mimi?"

Nikazima. Akaligonga bomba kwa nyundo ndogo, akatega sikio, akasogea, akagonga tena. Mhandisi aliyekuwa akitusimamia akatazama saa yake. Mimi jasho lilinishuka hadi kwenye buti. Babu akalegeza nati moja kwa spana, taratibu.

Gesi ikapiga mluzi. Vipima gesi vifuani mwetu vikalia vyote kwa pamoja, tukatoka mbio.

Tulipofika salama, mhandisi akafoka: "Mjinga gani aliunga bomba la pembeni kwenye lile bila kulichora?"

Babu akavua kofia yake ngumu.

"Mimi. Boti ya kuturudisha nyumbani ilikuwa inapiga honi, nikasema nitalichora kesho. Tangu nirudi, wiki tatu sasa, nalitafuta. Niliona aibu kusema."

Nilitamani kumzaba kibao. Nikampa kalamu.