Kiti cha Mama Vumilia

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi hapa Masisi, mwanangu, Mama Vumilia alipoleta gari yake ya jipu gereji. Kila wiki alipeleka maharagwe Walikale, na mgongo ulikuwa ukimsumbua. Jipu ile ilitoka Ulaya na viti vinavyopashwa joto kwa umeme. Sisi tuliicheka anasa hiyo, lakini yeye alisema bila lile joto hafiki hata Kibua, njiani tu. Sasa joto lilikuwa limekufa.

Mimi nilikuwa kijana, nimetoka kujifunza skana, kile chombo kinachosoma makosa ya gari. Kichwa kilinivimba, nisikufiche. Nikaichomeka, ikaandika kwamba njia ya umeme wa kiti cha dereva imekatika. Sikumuuliza mama neno. Nikachukua wembe, nikapasua ngozi ya kiti nitafute waya uliokatika. Ulikuwa mzima.

Papa Bahati, mwenye gereji aliyenifundisha kazi, aliutazama ule mpasuko. Akamuuliza mama anaweka nini chini ya kiti. Jembe, akajibu, siku hizi hupitia shambani kabla ya safari. Papa Bahati akaingiza mkono, akatoa jembe, kisha akaonyesha fishi, kile kichwa cha kuunganishia waya, iliyong'olewa na mpini. Akairudisha, na kiti kikapata moto.

“Mashine imekuonyesha nyumba,” akaniambia. “Mwizi, njo wewe mwenyewe utamutafuta. Na mwenye nyumba iko hapa, haukumuuliza.”

Niliona haya. Niliishona ngozi kwa mkono, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Mama Vumilia hakunitukana. Kwa misimu mitatu ya maharagwe alimpa Papa Bahati ufunguo wa jipu, mimi nimesimama palepale. Iliniuma kuliko kofi.

Kisha Papa Bahati akaugua, na mama akanipa mimi ufunguo, kwa shingo upande. Sikuigusa skana. Nilimuuliza ubaya wa gari ulianza lini, na siku hiyo alibeba nini. Akacheka.

“Kumbe mutoto amekomaa,” akasema, akaketi tuongee.

Mwanangu, skana yako inapita yangu. Isome, uiheshimu. Lakini kwanza muulize mwenye gari, ingiza mkono, pima waya. Wembe uwe wa mwisho. Kuuliza si ujinga. Mungu aibariki mikono yako, na kila atakayeketi ulipotengeneza afike salama, mgongo wake ukiwa na joto.