Tulikwenda Houston Kupigwa

Kila mtu alijua tunakwenda Houston kupigwa. Hata mjukuu wangu, ambaye ndiye alikuwa anacheza, alijua. Chuo chake kilikuwa kidogo, kule ng'ambo ya Fort Worth, chuo ambacho ukipita na gari huku unafungua pipi, ukimaliza kuifungua umeshakiacha nyuma. Wale wa Houston walikuwa na uwanja wa kumeza mji mzima. Binti yangu alinieleza kwamba vyuo vikubwa huvialika vidogo mwanzoni mwa msimu ili vijana wao wanoe meno. Nikamwuliza, na hao wadogo wanakubali? Akasema wanakubali, tena wanakwenda kwa nyimbo.

Wakati huo nilikuwa nimekaa kwake Mesquite, kule Texas, mwaka mmoja na ushee. Yeye ni nesi, mumewe yuko ghalani anaendesha foklifti, na mimi nilikuwa mpishi na mlinzi wa nyumba. Shule niliishia darasa la nne. Lakini Mungu alinipa kichwa cha kushika majina. Nikitajiwa jina la mtu mara moja, halitoki tena mpaka kaburini. Wachezaji wote wa chuo kile nilikuwa nao kichwani, na mama zao niliokutana nao, na mbwa wa kocha. Binti yangu amenisihi nisiandike jina la mtu yeyote hapa, nami nimekubali, ingawa vidole vinaniwasha.

Mpira wenyewe si huu wetu wa miguu. Ni mrefu, una ncha mbili kama papai changa, na vijana wanavaa kofia ngumu na kugongana vifua mpaka unasikia mlio. Mjukuu wangu si mkimbiaji wala si mgonganaji. Kazi yake ni moja. Anainama, mpira uko chini mbele yake, anachungulia nyuma katikati ya miguu yake mwenyewe, halafu anaurusha kinyumenyume hatua kama saba hivi kwa mwenzake aliyepiga goti. Mwenzake anaudaka, anausimamisha kwa ncha chini ya kidole, na wa tatu anakuja kuupiga teke upite kati ya nguzo mbili ndefu. Hiyo ni pointi tatu. Yote hayo yanakwisha kabla hujamaliza kupiga chafya, na mara tu mjukuu wangu akiurusha, watu wanene wanamkanyaga kichwani.

Jumamosi iliyotangulia ile ya Houston aliurusha mpira ukapita juu ya kichwa cha yule aliyepiga goti. Wakafungwa kwa sababu hiyo. Kocha hakupiga kelele, alimwita pembeni akamwambia kwa upole: ukikosea tena mara moja, nafasi yako nampa yule wa mwaka wa kwanza, nawe utakaa benchi mpaka umalize chuo.

Akaja nyumbani Jumapili na mfuko wa nguo chafu. Ugali hakuugusa. Nikamwambia, kwa utani wetu wa siku zote, "Mume wangu, umepata mke mwingine huko Fort Worth anakupikia?"

Hakucheka. Alisema, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Bibi, mikono yangu imesahau. Nikiinama naona ule mpira unapita juu tu. Kila saa. Houston nitarusha tena vibaya, halafu basi."

"Inama nione."

"Bibi, hapa jikoni?"

"Huko nyuma ya nyumba, mwana wewe. Unataka uvunje sufuria za mama yako?"

Tukatoka. Nikafunga kapu la nguo kwenye uzio wa mbao kwa kanga yangu, usawa wa kifua cha mtu aliyepiga goti. Akarusha. Mpira ukagonga ubao juu ya kapu, jirani akachungulia. Akarusha tena, ukaenda chini. Mara kumi, labda mbili ziliingia. Nami nimekaa kwenye stuli natazama, na ghafla nikaona kosa lake, kwa sababu lilikuwa kosa langu mimi, la miaka hamsini na zaidi iliyopita.

Kijijini kwetu tulipojenga zahanati, matofali yalichomwa bondeni na jengo lilikuwa juu. Wanawake tulipanga mstari kutoka tanuri hadi msingi, tukawa tunarushiana tofali, mikono kwa mikono, siku nzima. Mama wa kwanza katika mstari alitupa sheria moja tu: usirushe tofali kabla hujamtaja mwenzako jina. Siku moja mimi nilikuwa natazama tofali. Lilikuwa zuri, limeiva vizuri, nikalirusha kimya. Likamwangukia mwenzangu mguuni, kucha ya kidole gumba ikang'oka. Yule mama hakunipiga. Aliniambia, "Wewe unarusha tofali. Sisi hapa tunampa mtu." Tangu siku hiyo sijawahi kuangusha hata moja. Ukimtaja mtu, macho yanamwendea yeye, na mikono inafuata macho.

Nikamweleza mjukuu wangu. Akatikisa kichwa. "Bibi, kule hakuna kusema. Refa atashangaa."

"Taja moyoni. Sasa hivi una kapu tu, huwezi kulitaja kapu. Ngoja." Nikasogeza stuli nikakaa kando ya kapu, bega kwa bega. "Nitaje mimi."

"Bibi?"

"Bibi si jina. Mabibi wako wengi. Taja jina langu, lile nililozaliwa nalo."

Akasimama wima akanigeukia kama nimemwambia avue nguo. Kwetu mjukuu halitamki jina la bibi yake. Mwenye kuliita alikuwa marehemu mume wangu peke yake, na hata yeye ni ndani ya nyumba. Lakini nilikwisha kumwambia yeye ndiye mume wangu, basi. Akainama. Akanitaja kwa sauti ndogo, ya aibu, na kwa lafudhi ya Kimarekani iliyolipinda jina langu katikati, na mpira ukaja ukazama ndani ya kapu hivi, puu. Nilisikia upepo wake shavuni.

Wiki ile alirudi kila jioni aliyoweza, mwendo wa saa nzima kwa gari, na mimi nikakaa kwenye stuli nikiitwa jina langu kama msichana.

Jumamosi tukaondoka alfajiri, mimi na binti yangu na rafiki yake, nesi mwenzake wa Cedar Hill, Mkenya. Huyu alisomea unesi Houston na roho yake yote ilikuwa huko. Aliingia garini amevaa fulana ya wapinzani wetu, na hotipoti ya chapati mapajani.

"Shikamoo mama. Umelala poa? Heri ulilala, maana leo hamtalala tena."

"Marahaba. Fulana hiyo umeikosea, imekubana."

"Imenibana kwa furaha, mama! Hao vijana wenu wataliwa kama githeri. Mmeona huyo wetu wa katikati? Ni trela, wallahi. Akipumua, kijana wenu anaanguka."

"Ataanguka akisharusha," nikasema. "Kazi yake ikiisha aanguke tu."

Binti yangu alikaza macho barabarani. Aliendesha mikono yote miwili ikiwa juu ya usukani, saa nne nzima. Alikuwa anajua maneno ya kocha.

Sasa nitasemaje kuhusu uwanja ule? Nimeona milima. Lakini mlima umekaa tu, haukuimbii. Tulipopanda zile ngazi na kutokea juu, watu wale wote walikuwa wanaimba kitu kimoja kwa pamoja, na zege lilikuwa linatetemeka chini ya viatu vyangu. Ngoma na tarumbeta zilikuwa za vijana mia na zaidi, wanatembea wanachora herufi uwanjani bila mmoja kumgonga mwenzake. Nilikaa. Nilisema, Ee Mola, kumbe watu wanaweza kujipanga hivi kwa ajili ya mchezo.

Halafu wakatoka wa kwetu. Wachache, kofia zao zimekwaruzwa. Watu wa kwetu tulikuwa pembe moja tu ya uwanja, kama chumvi iliyomwagika mezani. Na upande wa pili wakatoka wale, wanatoka, wanatoka, hawaishi, na yule trela katikati yao. Nikaona kweli, yule nesi hakuongopa. Shingo yake ilikuwa kiuno changu.

"Mama, bado tunaweza kurudi nyumbani," Mkenya akaniambia, akinipa chapati.

Lakini vijana wetu hawakuliwa. Sijui niseme walifanya nini, mchezo wenyewe siujui vizuri. Niliona tu kwamba kila wakiangushwa wanaamka, na wakiamka wanasaidiana mikono, na mpira unasogea mbele kidogo kidogo kama mtu anayelima kwa jembe bovu. Wakikwama, anaitwa mjukuu wangu.

Mara ya kwanza alipokimbia kuingia, binti yangu alijifunika uso kwa viganja. Mimi nikasimama. Akainama, akachungulia kati ya miguu, na uwanja ule wote ukampigia kelele yeye, mtoto wetu, ili akosee. Mpira ukaenda. Ukatua mikononi mwa mwenzake kama mtoto anayepokelewa na mkunga. Ukapigwa, ukapita kati ya nguzo. Tukaongoza sisi! Pointi tatu wao hawana kitu. Uwanja ule mkubwa ukanyamaza, nikasikia bendera zinapiga kwenye milingoti.

"Bahati," Mkenya akasema.

Mara ya pili, ya tatu, akasema bahati tena. Ya nne hakusema. Wao walikuwa wanafunga kwa nguvu, mabao makubwa, sisi tunadokoa, lakini hawakuweza kutuacha. Sijawahi kuona watu wadogo wakikataa namna ile. Mmoja wao, kijana mwembamba ambaye mama yake ninamjua na jina la mama yake ninalijua, alimshika yule trela mguu akaburutwa kama kopo nyuma ya gari la harusi, na hakuachia. Machozi yalinitoka. Haikuwa huzuni. Ni vile unapoona kitu ukajua hukustahili kukiona, umekuja tu na chapati zako.

Zikabaki sekunde. Wametuzidi kwa pointi mbili. Akaitwa tena mjukuu wangu, mara ya sita. Ikipita, tumeshinda.

Watu wote walisimama. Binti yangu kajifunika uso, anaomba, nasikia. Hata Mkenya alinishika mkono, na fulana yake ile. Mimi nilimtazama mmoja tu. Nikaona mgongo wake ulivyotulia. Hakuharakisha. Nilijua anataja jina, na nilijua ni la nani, la yule aliyepiga goti, kwa sababu nilimuuliza na akaniambia. Kisha mpira ukaruka, umenyooka, unazunguka, ukafika kifuani pale pale, nami nikapiga vigelegele. Nilipiga vyote nilivyokuwa navyo, ulimi ukauma.

Kisha nikaona watu wetu wote wamekaa, mikono kichwani. Wananitazama.

"Mama," Mkenya akasema taratibu, "mama, wamewazuia. Yule mkubwa ameinua mkono akauzuia mpira. Mmefungwa."

"Ulifika lakini?"

"Nini?"

"Kwa yule aliyepiga goti. Ulifika?"

Akanitazama sana. "Ulifika, mama. Ulifika vizuri kabisa."

Uwanjani mjukuu wangu alikuwa chini, wamelundikana juu yake. Waliponyanyuka, aliyemwinua ni yule trela. Alimwinua kwa mkono mmoja akampangusa nyasi mgongoni, akainamisha ile kofia yake mpaka ikagusana na ya mtoto wetu, wakazungumza. Mpaka leo hataki kuniambia walizungumza nini.

Tulimsubiri kwenye uzio, pale mabasi yao yalipopaki. Akatoka amechubuka shingo, macho mekundu. Akamkumbatia mama yake kwanza. Binti yangu akawa anamgusa vidole kimoja kimoja, kama kule wodini.

"Tumefungwa," akasema.

"Kocha kasemaje?" mama yake akauliza.

"Amesema Jumatatu nije saa ya kawaida. Nafasi yangu ni yangu." Akanigeukia mimi. "Amesema alikuwa hajui mimi niko uwanjani, siku nzima. Kwa kazi yangu hiyo ndiyo sifa, Bibi."

Basi likapiga honi, akakimbia.

Tukaiacha Houston nyuma. Jua lilikuwa upande wa kushoto, malori yanatupita. Ndipo binti yangu akasema, bila kugeuza kichwa, "Mama, mimi sikuona hata moja. Nilifunika macho mara zote sita."

Nikamsimulia. Nilianza na ile ya kwanza, nani alisimama wapi, nani alipiga goti, nani alipiga teke, na nani kati ya wale wakubwa alikuja kumkanyaga, kwa majina yao yote, maana mtangazaji alikuwa ameyataja na mimi nilikuwa nimeyasikia. Binti yangu alikuwa analia na kucheka. Nilipofika ya tano, Mkenya aliyekuwa kiti cha nyuma, amevua fulana ile na kuikunja mapajani, akasogea mbele akaweka kidevu kwenye kiti changu.

"Mama, rudia ya nne," akasema. "Ya nne mimi nilikuwa natafuta chapati."