Tuliingia Mwaloni Tukiimba, Bila Samaki

Mpaka leo nikipita soko la Rumonge, mji wetu wa ziwani, wamama wauza ndagala (dagaa wa kwetu) wananiita, "Fidele, leo umetuletea nini?" halafu wanacheka mpaka wanashika mbavu, na mimi nacheka nao, maana nikinuna ndiyo wataita kwa sauti kubwa zaidi (nilishajaribu kununa, haisaidii kitu). Aibu ile Rumonge nzima iliiona, hata watu walioshuka na mawese yao kutoka Kizuka waliiona, basi bora niisimulie mwenyewe kuliko kuwaachia wengine waitie chumvi.

Mimi ni mwimbaji wa orkestra inayoitwa Mukeke Musica. Watu wanatuuliza tunapiga muziki gani na sisi wenyewe hatuna jibu: mpiga solo wetu wa gitaa alivuka ziwa kutoka mji wa Baraka na rumba yake, wapiga ngoma wetu ni Warundi wa milimani, mimi nimekulia kwenye kwaya ya kanisa, basi tunatia vyote sufuria moja na watu wanacheza. Album yetu mpya tuliifungua na wimbo wa wavuvi, ule wenyewe kabisa, kwanza sauti tupu, halafu ngoma zinaingia, halafu sebene, gitaa la kuchezesha watu. Papa Deo, chef wa orkestra, yaani kiongozi wetu, alisema album ya Rumonge isiyonuka samaki ni ya uongo.

Sasa elewa wimbo huo kwetu una kazi yake. Mtumbwi ukirudi mtupu unarudi kimya, wavuvi wamekunja sura. Ukirudi umejaa, wanaimba kutoka mbali, na wamama wakisikia wanakimbilia majini na mabeseni, kwa sababu atakayewahi kuweka beseni lake ndani ya mtumbwi ndiye anahudumiwa wa kwanza. Jambo hilo nalijua tangu utoto. Nililijua, nikalisahau siku moja tu, siku ya kuzindua album.

Na siku hiyo sikutakiwa kukosea hata kidogo, maana nilikuwa nataka kumuoa Esperance. Baba yake, Mwalimu Yakobo, aliyeishi ukimbizini Tanzania miaka mingi akarudi na Kiswahili kilichopigwa pasi, alikuwa hataki kusikia habari za mwanamuziki. Baada ya kubembelezwa sana akakubali niende kwake Jumapili inayofuata nijieleze, mara moja tu, halafu atoe jibu. Esperance aliniambia, "Fidele, mpaka Jumapili usifanye ujinga wowote, nakuomba." Halafu yeye mwenyewe (mapenzi haya!) akaniletea suti nyeupe ya baba yake nivae kwenye konseri, akasema mzee haitoi sandukuni hata siku moja, na kwenye dansi hawezi kukanyaga.

Basi nikavaa suti, nikajitazama, nikajiona waziri. Na mutu akishajiona waziri hawezi tena kutembea kwa miguu kwenye vumbi. Nikamwambia Papa Deo, "Papa, tusipite barabarani. Tuingie kwa mtumbwi, tukiimba ule wimbo, watu watalia." Papa Deo akasema, "Iko mawazo mazuri." Hakuna aliyekumbuka kwamba zilikuwa siku za mwezi mkubwa, wavuvi wamekaa nyumbani (mwezi ukiwaka samaki hawafuati taa), na wamama walikuwa hawajaona ndagala mbichi siku nyingi. Tuliichagua wiki hiyo sisi wenyewe, ili wavuvi wawe na nafasi ya kuja kucheza!

Tukaazima mtumbwi, tukapakia ngoma mbili na sisi watano, tukazunguka ng'ambo ya mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki, tukaanza. Jamani, tuliimba! Nilisimama mbele na suti yangu, upepo unapeleka sauti nchi kavu, nikaona watu wanakimbia kutujia. Nikamwambia Papa Deo, "Unaona? Tayari tuko mastaa." Kumbe mbele yao wote anakuja Mama Sifa, mkubwa wa wauza ndagala, amekunja kitenge, beseni mkononi, na nyuma yake jeshi zima.

"Yampaye inka!" Mama Sifa akapaza sauti, kama Warundi wanavyoshangaa jambo kubwa. "Samaki imekuja!"

Beseni la kwanza lilitua miguuni mwangu. La pili likanipiga goti. Wamama wakashika mtumbwi upande mmoja wote pamoja, kila mmoja anataka lake liingie, Papa Deo anapiga kelele "Ni konseri! Ni konseri!" na hakuna anayejua konseri ni samaki gani, mtumbwi ukalala, na mimi nikaingia ziwani kichwa mbele. Nikapiga mayowe, "Nakufa! Niokoeni!" mpaka Mama Sifa akanivuta kola akaniambia, "Simama, wewe." Nikasimama. Maji yalinifika kiunoni.

Watu walicheka mpaka wengine walikaa chini. Lakini wamama hawakucheka. Mama Sifa alinishikilia kola ile ile. "Mutu anaimba wimbo wa samaki bila samaki? Muko na akili kweli?" Nikamuomba msamaha, meno yananigongana. Akatazama ngoma zinazoelea, akatazama suti, naona huruma ikamshika. "Haya. Mumetulowesha bure, sasa mutatuimbia mpaka nguo zikauke." Akageuza beseni lake akalipiga, wenzake wakapokea, na wakatusukuma hadi jukwaani wakipiga vile vile.

Sijui niwashukuru vipi wamama wale. Ngoma zetu zilikuwa zimelowa, wangeweza kwenda zao wakituacha tuzomewe, lakini walibaki wote na mabeseni yao, wakiyapiga, na mpiga solo akaingia juu ya mdundo wao na rumba, nikaimba kama sijawahi kuimba. Kila nikigeuka watu wanashangilia zaidi, nikadhani ni uchezaji wangu, kumbe mtumbwi ule jana yake ulibeba mawese, nami niliyakalia kabla ya kusimama kuimba, na matakoni mwa suti nyeupe kulikuwa na doa jekundu kubwa.

Nikageuka mara ya mwisho, nikamwona Mwalimu Yakobo mbele kabisa. Alikuja kunichunguza kimyakimya kabla ya Jumapili. Nyuma yake Esperance ameshika kichwa kwa mikono miwili.

Muziki ulipokwisha akaniita. "Kijana, suti hii umeitoa wapi?"

"Nimeazima, Mwalimu."

"Kwa nani?"

Kumtaja Esperance sikuweza. Mzee akashika mkono wa koti, akaukamua taratibu, maji yakatiririka. "Suti hii nilifungia ndoa kambini na mama yake Esperance. Alipofariki nikaifungia sandukuni, sikutaka hata vumbi liiguse." Nilijisikia vibaya mpaka nikataka kulia, nikamwambia nitaifua mwenyewe, nitaileta Jumapili ikiwa safi. "Mawese hayatoki," akasema. "Na Jumapili usije kujieleza." Basi, nikajua nimemkosa Esperance. Ndipo mzee akacheka, mara ya kwanza namwona anacheka. "Nimeona ya kutosha. Aliyefungua sanduku langu namjua, na wewe hukumtaja. Njoo na wazee wako. Na siku ya ndoa utaivaa hii hii, na doa lake, binti yangu ajue anaolewa na nani."

Niliapa, na kiapo nakishika: juu ya maji siimbi tena wimbo ule, labda niwe na samaki wa kweli. Konseri za Kabezi na Nyanza-Lac tunakwenda kwa barabara, kwa adabu. Siku ya ndoa pia nilikuja kwa miguu, na suti yangu yenye doa, na kabla ya mutu yeyote kutupa mkono wa pongezi Mama Sifa alipenya katikati ya wageni akaweka beseni lake miguuni petu, awe wa kwanza kama kawaida yake. Safari hii lilikuwa limejaa ndagala.