Fundi Mkuu Hakufa

Mama Springi hakuwa mtu wa kukubali misiba ovyo. Tangu siku ile karakana nzima ilipomlilia Fundi Mkuu, yeye peke yake alishikilia kwamba maiti haikuonekana, na kama hakuna maiti yeye hatoi rambirambi. Wenzake walimcheka mpaka wakachoka. "Bado unamngoja marehemu wako?" fundi wa fremu, waliyemwita Kipara, alikuwa akimuuliza kila anapopita na mbao begani. Naye alimjibu bila kuinua macho kutoka kwenye kochi, "Atarudi. We piga msumari wako."

Marehemu mwenyewe, tuelewane mapema, hakuwa mtu wa mtaani. Alikuwa mtu wa kitabuni, fundi wa mitambo kwenye chombo cha angani, katika mfululizo mrefu wa vitabu ulioitwa *Chombo Kisichotua*. Lakini nenda kawaambie mafundi makochi kwamba mtu wa kitabuni hafi kwelikweli, uone watakavyokutazama.

Karakana ilikuwa mkabala na stendi ya mabasi, na mwenye mali alikuwa shemeji yake Mama Springi, kaka mkubwa wa mumewe. Makochi yaliingia pale yamebonyea katikati, yanatoa sponji nje, miguu imelegea. Kazi yake Mama Springi ilikuwa kufunga springi kwa kamba na kulivisha kochi kitambaa, na hakuna kochi lililopita mikononi mwake likarudi kulalamika. Wateja walisifu sana. Sifa alizipokea shemeji, akiwa mlangoni, mikono nyuma.

Mumewe alikuwa mtangazaji wa stendi, na kwa sauti aliyojaliwa wote walimwita Spika. Mchana, mabasi yakipungua, alivuka barabara na kitabu kwapani, akaketi kwenye kochi lililokamilika linalomsubiri mwenyewe, akawasomea mafundi huku mikono yao ikifanya kazi. Nahodha wa chombo kile akikoroma, Spika alikoroma. Mitambo ikinguruma, alinguruma. Nyundo zenyewe zilijifunza kupiga polepole.

Sasa, pale karakanani palikuwa na sheria moja kubwa: nyundo ya mtu haiguswi bila ruhusa yake. Mkasi hivyo hivyo, sindano hivyo hivyo. Ukigusa, unawanunulia wote soda, na maneno utakayosikia ni ya bure. Kitabu kilihesabiwa kuwa nyundo ya Spika. Kwa hiyo hakuna aliyewahi kukifungua, hata mkewe, hata nyumbani. Mke alivifuta vitabu vumbi akavirudisha kwenye rafu kama alivyovikuta.

Fundi Mkuu alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye mdomo mkali, anayeujua ugonjwa wa mtambo kwa kuuwekea kiganja tu. Mama Springi alimpenda waziwazi, hakuficha. Akaanza kumtaja hata nyumbani. Spika akiacha viatu sebuleni: "Fundi Mkuu asingekubali." Shemeji akila sifa za watu: "Fundi Mkuu asingenyamaza." Hatimaye, siku moja wakiwa mezani, akaweka kijiko chini na kusema anataka kufungua karakana yake mwenyewe. Spika alikohoa, akasema tutaona.

Haukupita muda mrefu, katikati ya kitabu cha tano, mlipuko ukatokea kwenye chumba cha mitambo, Fundi Mkuu akafa kwa sentensi moja.

Nyundo zilinyamaza. Kipara alichana kipande cha kitambaa cheusi akakifunga kwenye mlango. Shemeji mwenyewe alisema, "Mungu amlaze pema," ndipo akakumbuka anazungumzia nani. Mama Springi alikataa msiba, ndiyo, lakini ndani kitu kilimnywea. Kama mwanamke yule, pamoja na ubishi wake wote, ameishia hivyo, yeye ni nani? Habari za karakana yake hakuzitaja tena.

Jambo moja tu lilimkera. Katika kitabu cha sita, cha saba na cha nane, Nahodha, ambaye zamani hakujua hata spana inashikwa upande gani, alianza kutengeneza mitambo mwenyewe.

"Huyu kajifunza lini?" aliuliza Mama Springi.

"Shida humfundisha mtu," Spika alijibu, uso ndani ya kitabu.

Basi ikaja siku sauti ya Spika ikakatika. Daktari alimtazama koo, akampiga marufuku kusema, hata kunong'ona, mpaka atakapomruhusu. Stendi ikakaa kimya, watu wakapanda mabasi yasiyo yao. Siku hizo hizo binti yao, anayefanya kazi mji mwingine, akaja kuwasalimu na kitabu cha tisa, kipya, kinanukia wino. Akampa mama yake.

"Hiki ni chako, mama. Baba ana vyake."

Spika alipokiona aliruka kitini. Alikinyooshea mkono, akajigusa koo, akatikisa kichwa, akapunga mikono yote miwili kama anayezuia basi lisirudi nyuma.

"Tulia, baba nanihii, utajiumiza," mkewe alisema. "Hii ni nyundo yangu. Nitasoma mimi."

Kesho yake mchana aliketi kwenye kochi la msomaji. Mwanzoni sauti ilimtetemeka, maana kusoma kimoyomoyo ni kitu kimoja na kuwasomea watu wenye nyundo ni kitu kingine. Chombo kilikuwa kimekwama, hewa inaisha, Nahodha ameshamuaga kila mtu. Mara taa zikaonekana gizani. Chombo kingine kikasogea, kikajiegesha ubavuni, mlango ukafunguka. Mama Springi akasoma, "Aliyeingia alikuwa Fundi Mkuu, spana mfukoni, na jambo la kwanza alilofanya ni kuwagombeza wote."

Alisoma sentensi ile tena. Kisha akapanda juu ya kochi la watu, na viatu vyake.

"Nilisema! Sikusema? Nani alicheka hapa? Nani?"

"Shemeji, shuka, hilo kochi lina mwenyewe!" mwenye karakana alimpigia kelele.

"Lakini tulimlilia," Kipara alisema, nyundo imemning'inia mkononi. "Mimi nilifunga kitambaa."

Wote wakageuka. Spika alikuwa amesimama mlangoni, akiangalia ncha za viatu vyake.

Nyumbani, mkewe alimnyooshea kiganja. "Ruhusa." Spika akakitoa kitabu cha tano kwenye rafu, akampa kwa mikono miwili. Mlipuko haukuwemo. Pale ulipopaswa kuwa, Fundi Mkuu alikuwa amesimama mbele ya Nahodha akisema, "Nimekihudumia chombo chako miaka yote hii, na sifa umekula wewe. Sasa naondoka kuendesha changu." Nahodha alilia, akamfungulia mlango. Na katika vitabu vilivyofuata, mitambo yote iliyotengenezwa, aliitengeneza yeye kwa kumwelekeza Nahodha kutoka mbali.

Mama Springi alikifunga kitabu polepole. Hasira ilimpanda, hasira ya haki.

"Hukumuua yeye," alisema. "Uliniua mimi."

Spika alikuwa akilia. Alionyesha upande wa karakana, akainua mkono juu ya kichwa chake: mtu mrefu, kaka mkubwa.

"Ulimwogopa kaka yako."

Akaitikia kwa kichwa.

"Na mimi hukuniogopa? Hapo ndipo ulipokosea."

Asubuhi iliyofuata alikusanya nyundo yake, mkasi wake na sindano zake zilizopinda, akasimama mbele ya shemeji. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. "Shemeji, nimeihudumia karakana yako miaka yote hii, na sifa umekula wewe. Sasa naondoka kuendesha yangu."

Shemeji alitoa mikono nyuma ya mgongo. "Maneno hayo umeyatoa wapi?"

"Kitabu cha tano. Pale ambapo hatukusomewa."

"Na springi nitafungiwa na nani?"

"Utaniletea. Nitakufanyia bei ya shemeji."

Kipara ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Spika aliporuhusiwa kusema, mkewe alimpa sharti moja kuhusu maneno yake ya kwanza, naye akalitii. Siku hiyo stendi ilikuwa imejaa. Vipaza sauti vikakwaruza, kisha ile sauti ikarudi, nzito, safi, ikafika mpaka ng'ambo ya barabara.

"Tangazo. Fundi Mkuu hakufa. Nilimuua mimi, kwa woga wangu, na ninamwomba radhi mbele yenu nyote. Karakana yake iko nyuma ya geti la pili la stendi hii. Makochi yanapokelewa kuanzia leo."

Abiria walitazamana, wakashika mizigo yao vizuri. Nyuma ya geti la pili, Mama Springi alikuwa amepiga magoti mbele ya kochi lake la kwanza, mdomo umejaa misumari, kwa hiyo hakuweza kujibu. Aliinua nyundo juu. Ng'ambo ya barabara Kipara aliiona, naye akainua yake.