Mstari Mmoja Kando ya Uzio

Kaka yangu amestaafu ualimu mkuu kwa barua tu. Mwilini bado umo. Kila asubuhi anavaa suruali iliyopigwa pasi, anatoka uani na kukagua kuku kana kwamba wamechelewa darasani. Wifi yangu, yaani mkewe, akichelewesha chai anaulizwa sababu. Mimi nakaa nyumba ya pili, nashona nguo barazani, kwa hiyo vituko vyote hivyo naviona bila kiingilio.

Mama alipofariki aliacha kopo la maziwa ya unga, ndani yake mbegu za mahindi zilizochanganywa na majivu. Mahindi hayo ni mafupi, na yakiiva yanakuwa na rangi ya damu ya mzee, matamu hata bila chumvi. Alizirithi kwa mama yake. Dukani hazipo, na kwa watu hazipo, tumeuliza mpaka tumechoka. Zilizobaki zilikuwa zile za koponi tu.

Tangu ujana wangu ni mimi niliyeshika jembe pamoja na mama. Kaka alikuwa anashika vyeti. Lakini siku ya kugawana vyombo alinyoosha mkono, akasema mbegu za ukoo hukaa kwa mtoto wa kwanza. Sheria hiyo hakuna aliyewahi kuisikia, hata yeye mwenyewe kabla ya asubuhi ile. Mtu hajawahi kung'oa gugu moja bila kuitisha kikao! Nilichemka. Nikamsukumia kopo zima.

Mvua ilipokaribia akanunua kamba, utepe wa kupimia na kofia pana. Bustani anayo ya kutosha nyuma ya nyumba, lakini huko nyuma nani atamwona? Akapanda mstari mmoja mrefu kando ya uzio wa barabarani, akazimaliza mbegu zote. Nilimfuata, nikamweleza kwa upole wa kuazima kwamba mahindi hayapandwi foleni. Vumbi la mbelewele, yale maua ya kileleni, linachukuliwa na upepo, linaangukia ndevu za mahindi ya pembeni, ndipo punje zinashika. Ndiyo maana mama alipanda mistari sita saba iliyobanana. Tena ng'ambo ya uzio jirani alikuwa keshapanda mahindi meupe ya dukani, na upepo hauulizi ni ya nani. Akanitazama kwa juu ya miwani.

"Mdogo wangu," akasema, "miaka thelathini nimepanga watoto mia nane mstarini. Nitashindwa na mahindi?"

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu wangu ndiye mkuu mwenyewe, kwa hiyo miguu inayovunjika ni yetu.

Ubaya ni kwamba yaliota vizuri. Yalinawiri yakanyooka, wapita njia wakasimama kusifu, naye akawa anatoka na kikombe cha chai kuwahutubia juu ya mbegu za asili, maneno aliyoyasoma kwenye simu wiki ileile. Kichwa kikamvimba. Akawaalika wazee wa kikundi cha wakulima cha mtaa waje kushuhudia mavuno, akakodi na viti. Viti, kwa ajili ya mahindi.

Alimenya hindi la kwanza mbele yao. Nilihesabu punje kumi na moja, zimeachana kwenye gunzi kama meno ya kikongwe, tena zimepauka, si nyekundu wala si nyeupe. La pili hivyohivyo, la tatu hivyohivyo. Mzee mmoja akauliza kwa adabu kama ni ugonjwa. Kaka akakohoa, akafuta miwani, akatangaza kwamba mbegu zilikuwa zimechoka. Marehemu mama hakuwa na elimu ya kilimo, hakujua kuchagua. Mama aliyemlisha mpaka akapata hivyo vyeti!

Wageni walipoondoka nilimpasha yote. Nilimwambia ameua kitu ambacho hata njaa haikukiua, na kwamba debe tupu lina nafuu, maana huchotewa maji. Aliketi kwenye kiti cha kukodi. Nami nikanogewa, nikaendelea. Wifi alikuwa anaokota maganda chini. Si kawaida yake kuingilia mambo yetu.

"Lakini wifi," akaniuliza taratibu, "wewe ndiye uliyekuwa unajua kulima. Siku ile hukujibakizia hata kiganja kimoja?"

Kaka akainua kichwa kunitazama. Nikainama, nikaanza kuokota maganda na mimi. Kiganja nilikijaza siku ile, kabla sijamsukumia kopo. Kisha nikazirudisha punje zote, kwa sababu nilitaka aharibu, na watu wakiwa wanamtazama.