Ulimi wa Mzee wa Klarineti

Kila asubuhi kwenye tramu ya jiji la Leipzig, Wiebke, mpiga klarineti wa pili wa okestra, humwona mzee wa klarineti ya kwanza akiuzoeza ulimi, ambao ndio unaozitenga noti, ndani ya midomo iliyofumbwa, koo likimcheza. Zamani wenzao walimtania: "Mzee, ulimi huo unamshinda mama mkwe wangu!" Siku hizi hakuna anayetania. Leo mazoezini, kwenye kipande anachokipiga peke yake miaka yote, noti zake ziligandana kama uji. "Tena, tafadhali," akasema kondakta. Zikagandana tena. Mzee akamnong'oneza Wiebke, "Binti, hapa piga wewe. Hata kwenye onyesho." Wiebke akapiga, kila noti ikitoka peke yake kama punje. Okestra nzima ikamsuguia miguu sakafuni, maana wenye ala mikononi hupongezana hivyo. Mzee naye akasugua, na wote walipotulia, kiatu chake kiliendelea kusugua peke yake.